Gunia Lisilo na Maandishi

Saa tatu na nusu asubuhi, Jumamosi ya tarehe 13 Desemba 1997, gunia la mbegu za mahindi halikuwepo stoo. Saa moja Aneth, karani wa duka la nafaka la Noeli pale Majengo, alikuwa ameliona kwa macho yake, limeegemea mahindi ya chakula.

"Ufunguo wa stoo anao nani?" Noeli aliuliza, ingawa alijua.

"Mimi, bosi," alisema Abbasi, mtunza stoo.

"Basi twende polisi."

Noeli alikuwa mtu mwema, ila asubuhi hiyo hasira ilimtangulia. Abbasi akanyoosha mikono. Vidole vilikuwa vyekundu.

"Jana pakiti zililowa mvua, nikaimimina mbegu kwenye gunia la kawaida. Dawa yake nyekundu ya kuua wadudu bado haijanitoka. Niwapelekee wanangu sumu? Na stoo iko wazi tangu saa moja, tunapakia mizigo."

Aneth akadakia: "Gunia uliliandika chochote?"

"Bado."

"Basi aliyelichukua hajui. Anadhani amebeba chakula. Bosi, mchana huu kuna watu watakula ile mbegu."

Ulikuwa mwaka wa njaa, na mwenye njaa akiona mahindi yana rangi huyaosha tu, akaamini yamekuwa salama.

"Tumtafute wapi? Nusu ya mji ina njaa," alisema Noeli.

"Tuiulize mashine," alisema Aneth. "Aliyeacha kununua huenda ndiye mwenye njaa."

Kwa miezi minne Aneth alikuwa akiingiza kadi za mauzo, za zamani na mpya, kwenye kompyuta, na Noeli akiiita televisheni isiyo na taarifa ya habari. Karatasi za tarakimu zilizotoka humo bosi hakuzielewa. Ndipo Aneth akaandika maswali matano ya Kiswahili, ili bosi abonyeze namba tu. Hakuwahi kubonyeza.

Sasa alibonyeza nne: *Nani alikuwa akinunua kila mara na ameacha?*

Yakatokea majina matatu. Hoteli iliyokwisha fungwa. Mwalimu aliyehamia Singida. Na Petro, msukuma mkokoteni wao wenyewe: debe moja kila wiki mbili kwa miaka mitatu, hadi mwishoni mwa Oktoba. Baada ya hapo, hakuna.

"Petro?" Noeli alisema taratibu. "Mbona namwona kila siku."

"Ametoka na mkokoteni saa mbili," alisema Abbasi. "Hajarudi."

Saa nne na dakika kumi, pikapu ya Noeli, Aneth na Abbasi wakiwa ndani, ilisimama Chang'ombe, nyumbani kwa Petro. Sufuria ya maji ilikuwa motoni. Cecilia, mkewe, alikuwa akiosha mahindi. Maji ya beseni yalikuwa mekundu. Watoto wanne walimzunguka.

"Wamekula, mama?" Aneth aliuliza, hata hodi hakupiga.

"Bado. Rangi haitaki kutoka. Haya ni maji ya tatu."

Aneth akakaa chini palepale, akalia, wala hakuona aibu.

Petro akatoka ndani. "Abbasi hana kosa, bosi. Nimechukua mimi, nikidhani mahindi ya kula. Dada yangu alifariki kijijini Busi mwezi wa kumi. Hawa wawili ni wake. Tangu hapo hela ya debe haipatikani, na chakula hakitoshi."

"Mwezi na nusu, Petro. Kwa nini hukuniambia?"

"Kila asubuhi uliniuliza habari za nyumbani, nikajibu nzuri. Ningejibuje, bosi? Ndivyo tunavyojibu."

Noeli alichukua lile beseni mwenyewe, akalimwaga chooni, akalipakia gunia la mbegu kwenye pikapu, kisha akamgeukia Abbasi mbele ya wote. "Nisamehe, ndugu yangu. Twende tukalete mahindi ya kula."

Jumatatu saa moja Aneth alimkuta bosi ameshawasha mashine, kidole kiko kwenye namba nne.

"Habari za nyumbani, Aneth?"

"Nzuri, bosi."

Noeli akamvutia kiti. "Hebu kaa kwanza," alisema, "halafu nikuulize tena."