Pampu Iliyomvuta Kaka

Jua lilikuwa linazama kaka aliponituma yadi ya vyuma chakavu kuchukua pampu. Mimi ni fundi wa dizeli, yeye ni dereva, na lori ni lake. Lori lenyewe lilikuwa zito kupanda mlima, hadi madereva wenzake wakambandika kaka jina la Kobe. Wakimpita, wanapiga honi na kumpungia mkono. Jina hilo lilimchoma sana. Ndiyo maana tukaamua kuliongezea lori nguvu: pampu kubwa zaidi, nozeli za kunyunyizia dizeli zenye matundu mapana, injini ipate mafuta ya kushiba.

Muuzaji alinisubiri nyuma ya rundo la bodi za magari. Mikono yake ilikuwa safi. Mtu anauza pampu za dizeli, kucha nyeupe! Hata harufu ya mafuta hakuwa nayo. Alinukia udongo uliolowa.

"Mafuta atavuta nani?" alininong'oneza.

"Tuna pampu ya mkono."

"Haitashika. Avute mwenye gari. Kwa mdomo."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Wenye kazi hii wanajua. Ukifungua mfumo wa mafuta, upepo unaingia kwenye mabomba, na upepo ukiwemo injini haiwaki. Lazima uvute mafuta kutoka kwenye tangi mpaka yafike. Nilifunga pampu, nikafunga nozeli, nikasukuma pampu ya mkono hadi bega likaniuma. Upepo mtupu.

"Hebu toka hapo, bwana mdogo," kaka akasema. "Utatulaza hapa."

Akachomoa mpira wa mafuta, akautia mdomoni, akavuta, kama sisi sote tunavyofanya kila siku.

Mtu akivuta dizeli hutema, hukohoa, hutukana. Kaka hakutema. Mashavu yake yakabonyea ndani. Macho yakamtoka. Mpira ukaanza kutetemeka...

Ulikuwa unamvuta yeye.

Niliushika kwa mikono miwili nikaung'oa. Ulikuwa umejaa mafuta tayari. Nikaufunga kwenye pampu, nikapiga stata, injini ikaitika mara moja. Mabati ya gereji yakatikisika. Kaka akajifuta mdomo, akacheka.

"Unasikia hiyo? Sasa waniite Kobe!"

Tukagonganisha mikono. Nilifurahi, sikatai. Kisha nikaona nati moja inavuja, nikavuta waya wa kuzimia ili niikaze.

Injini ikanyamaza.

Kaka akaanguka.

Hakuwa anapumua. Nilimpiga vibao, nikamwita, nikamkandamiza kifua. Kimya... Sijui nini kilinipeleka kwenye ufunguo. Labda ni maneno ya yule mtu. Nikawasha, na kaka akavuta pumzi.

Nikamwekea kiganja kifuani. Kilikuwa kinatetemeka sawasawa na injini. Mngurumo ukishuka, na pumzi yake inashuka.

Shemeji, mke wake, alikuja mbio kutoka nyumbani kwao, mlango wa pili. "Unasubiri nini? Mpeleke hospitali!"

Tukampandisha kwenye kabini. Nilipokanyaga mafuta, kaka alipiga ukelele, na jasho jeusi likamchuruzika usoni. Lilinuka dizeli. Nikaondoa mguu haraka. Kuondoka, hatuwezi. Kuzima, hatuwezi.

Nikatimua mbio hadi yadi. Nyuma ya lile rundo hapakuwa na mtu. Mlinzi alikuwa anafunga geti; nikamuuliza muuzaji yuko wapi.

"Yule wa mikono safi?" alisema. "Huwa anakuja na pampu ileile."

"Ileile vipi?"

"Inauzwa, inarudi." Akanong'ona kupitia upenyo wa geti, "Wenye magari ndio sijawahi kuwaona wakirudi."

Nilirudi gereji. Lori lilikuwa linanguruma vilevile. Shemeji alikuwa amekumbatia dumu la dizeli aliloazima kwa majirani.

"Ongeza mafuta, shemeji. Yakimwishia tu..." Hakumalizia.

Kaka akafumbua macho. "Zima, mdogo wangu," alisema. Sauti ilikuwa ndogo mno. "Naomba... zima."

"Usithubutu!" shemeji akafoka, akiwa analia.

Ningefanya nini? Nikafungua kifuniko cha tangi, nikainamisha dumu. Mafuta yakafurika papo hapo, yakanimwagikia miguuni.

Tangi lilikuwa limejaa pomoni, kama kaka mwenyewe alivyolijaza asubuhi. Injini ilikuwa imenguruma muda wote huo, na haikuwa imekunywa hata tone.

Nikamtazama kaka. Shati lililokuwa linambana tumbo lilikuwa limemlegea. Pete ya ndoa ilikuwa imemtoka kidoleni, iko sakafuni mwa kabini.

"Mbona umesimama? Ongeza, shemeji! Ongeza!"

Sikuwa na ubavu wa kumwambia. Nikaendelea kumimina, mafuta yakaendelea kumwagika chini, na shemeji akawa ananishukuru.