Bilauri Zenye Pua

Manah, 1976. Ijumaa, saa nne asubuhi.

Chumba cha nyuma cha Sleyum, mfua fedha, kilinuka makaa na kahawa. Watu watatu, mkeka mmoja.

"Nyumba ya mhandisi wa Kizungu, Nizwa," alisema Harub. "Mlinzi akenda kusali, tunaingia jikoni. Bilauri mbili za fedha, zina nyuso. Kazi ya watu wa kale, milima ya Peru huko. Kingine hatugusi."

"Hata jibini?" Khalaf, dereva, aliuliza.

"Hata jibini, mlafi we."

Malipo yalikuwa karatasi. Marzouq wa Sur alikuwa na ruhusa ya safari ya Radhia, dada yake Harub, aliyebaki Unguja wenzake walipovuka bahari kukimbia mapinduzi, miaka kumi na miwili sasa. Bilauri kwa karatasi. Saa kumi atazifuata.

Saa sita na nusu.

Mlinzi alikwenda msikitini. Kufuli la jikoni halikuchukua hata muda wa kusema bismillahi, na Harub hakuthubutu kuisema.

Saa saba na nusu.

Sleyum alipapasa bilauri. Uso wa mtu, pua kama mdomo wa kunguru.

"Haina kiungo. Bamba moja tu, yakhe! Limefuliwa juu ya kigogo, likatiwa moto lilainike, likafuliwa tena. Nyundo ya mwezi mzima, wallahi."

Khalaf alisoma kikaratasi cha Kiingereza kilichokuwa ndani. "Kunywa basi, Ami Sleyum. Maiti alizikwa nazo. Zimefukuliwa kaburini!"

Sleyum hakucheka.

"Tunakwenda kuficha gari," alisema Harub. "Zichunge, Ami."

Saa tisa na nusu.

Walirudi wakakuta makaa mekundu. Juu ya jiwe, vipande viwili vya fedha, bado vya moto.

"Bilauri ziko wapi?"

"Hizo hapo. Fedha ya maiti huyeyushwa, mwanangu, haiachwi na sura yake. Hata bangili za marehemu mama niliziyeyusha kwa mikono hii. Pima, uzito haujapungua."

"Marzouq hataki uzito!"

"Mie nlikuwa natania tu," alinong'ona Khalaf.

"Zifue tena, Ami," alisema Harub. "Nakuomba."

Sleyum alitazama nyundo zake. "Najua khanjari, najua bangili. Ile pua sijui waliitoaje. Nimeitazama saa nzima kabla ya kuitia motoni."

Saa kumi kamili.

Marzouq aliingia, akamwamkia mzee shikamoo, akaviona vipande. Hakuketi. Harub alimfuata mpaka garini, akaung'ang'ania mlango.

"Nipe siku mbili. Ntaiba kingine."

"Nafasi ni moja, na jina hubadilishwa. Kuna mwengine Sur, mamake yuko Pemba. Yeye kaleta alichoahidi."

"Nionyeshe tu."

Marzouq aliifunua karatasi kwenye kioo. Harub alimwacha Radhia ana miaka kumi na tisa. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa na mvi, na ilimbidi Harub asome jina ili amjue.

Marzouq alikuwa keshatia gia.