Gari la Kikazi Nililolipeleka Msibani

Mimi ni mama wa miaka arobaini na miwili, mtumishi wa umma hapa Kahama. Nimesimamishwa kazi, nasubiri uamuzi wa kamati ya nidhamu. Kazi hiyo ndiyo inayotulisha mimi na binti yangu Neema. Hatuna kingine...

Gari la idara lilikuwa gereji, tukaruhusiwa kukodi gari kwenda kwenye mafunzo Geita. Dereva mimi, abiria Mama Kulwa, mwenzangu wa meza moja kwa miaka tisa. Mhasibu alitusomea masharti: ofisi itarejesha gharama za kukodi na za bima kubwa, mradi tusitoke kwenye njia iliyoandikwa kwenye kibali. Tukitoka, bima haifanyi kazi na ofisi hailipi chochote. Nilisaini huku nacheka!

Tulipofika Segese, simu ya Mama Kulwa ikaita. Baba yake mdogo amefariki, anazikwa mchana huohuo, kijiji cha ndani kidogo.

"Mama Neema, tuingie mara moja tu," akaniomba huku analia. "Nipite barabarani kama sijui? Watanionaje?"

"Na kibali?"

"Kibali hakizikwi, mayu, mama yangu! Tunatupa udongo, tunaondoka."

Wewe ungekataa? Huku kwetu mtu asiyefika misibani, siku akifiwa yeye atajichotea maji peke yake.

Tulizika. Wakati wa kurudi, ng'ombe wakakatisha ghafla, nikawakwepa, gari likatumbukia korongoni. Tulitoka wazima, lakini mbele kote kulikuwa kumebonyea.

Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko yote. Mama Kulwa alishauri tuandike kwamba barabara kuu ilifungwa, tukaelekezwa njia ya pembeni. Aliniahidi maelezo yake yatafanana na yangu. Nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe!

Siku tatu baadaye tukaitwa mmoja mmoja. Mama Kulwa alitangulia. Nilipoingia, mkuu wa idara alinisogezea karatasi ya Mama Kulwa. Alikuwa ameeleza habari yote ya msiba, kisha akaongeza kwamba yeye alikataa, mimi ndiye niliyeng'ang'ania kwenda... Kumzika baba yake mdogo! Mimi ndiye niliyeng'ang'ania?

"Mama Neema," mkuu akaniambia taratibu, "ungenipigia simu ukiwa Segese, ningebadilisha njia kwenye kibali na kumjulisha mwenye gari. Kanuni inaruhusu. Hata baada ya ajali, ungesema ukweli ningekutetea. Sasa nitetee karatasi yako hii ya uongo?"

Simu moja tu! Nilikuwa nayo, ina chaji, na mtandao ulikuwepo...

Mama Kulwa bado yuko kazini. Tukikutana sokoni Nyasubi, anavuka upande wa pili. Nimemchukia, sikatai. Lakini sahihi iliyo chini ya uongo ule ni yangu.

Watumishi wenzangu, na wote mnaosoma, msiba ni wa kwenda, hata mimi ningekwenda tena. Ila ombeni ruhusa kwanza, hata kama mnaona aibu. Na mkikosea, semeni hivyohivyo mlivyokosea. Nawaomba sana.

Neema ameniuliza kwa nini siendi ofisini. Nikamjibu niko likizo... Hata yeye nimemdanganya! Leo akirudi kutoka shule, kabla hajavua viatu, nitamwambia ukweli.