Lori Lililonuka Samaki

Mpunga wa Dorca ulikuwa umetandazwa juu ya turubai tangu asubuhi. Kila baada ya muda alivua viatu, akapita katikati yake akiburuta miguu, ili punje za chini nazo zipate jua. Ndivyo wanavyofanya wakulima wa upande wa Ahero na Awasi. Kisha aliinua macho na kutazama milima ya Nandi. Mvua ya huku hutoka huko, na haipigi hodi.

Saa sita mchana wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya milima.

"Baba Griffins!" aliita. "Mpunga umekauka. Tupakie tuupeleke kwenye ghala la kinu!"

Mume wake, Obonyo, alikuwa ameinamia injini ya lori lao kuukuu la petroli. Jana alikuwa amepeleka mizigo Kisumu, akaliosha pale kando ya ziwa, akarudi nalo nyumbani likiunguruma vizuri. Leo lilikuwa kimya.

"Injini inazunguka lakini haishiki," alisema. "Nimeweka plagi mpya, bado. Sasa ni koili tu. Naenda kwa Gakenia kununua."

"Una hakika ni koili?"

"Mama Griffins, lori hili nalijua."

Nyumba yao ilivuja, na uwanja wao ulituamisha maji. Mpunga ukilowa utachipuka na kuvunda, na huo ndio uliokuwa chakula chao cha mwaka mzima. Dorca alianza kujaza magunia peke yake.

Obonyo alirudi na bodaboda bila koili. Alirudi na Gakenia mwenyewe, mwanamke mfupi aliyetoka Nyeri zamani na ambaye anauza spea sokoni Awasi. Kabla ya kuuza spea, alikuwa fundi.

"Amekataa kuniuzia!" Obonyo alilalamika. "Umewahi kuona mwenye duka anakataa kuuza?"

"Koili ikiwa imekufa nitakuuzia," alisema Gakenia. "Ikiwa nzima, kesho utakuja kunitukana. Kwanza tupime. Mama, hujambo? Weka gia huru, halafu ukae kwa usukani. Hilo debe la petroli litoke hapa, liende mbali."

Dorca alipanda. Gakenia aliung'oa ule waya mnene unaotoka kwenye koili. Aliubana kwa kibanio cha nguo cha mbao, akausogeza karibu na chuma cha injini, ikabaki nafasi ndogo.

"Usiushike huu kwa mkono hata siku moja. Utarushwa," alimwambia Obonyo. "Mama, piga stata!"

Injini ikazunguka. Kwenye ncha ya waya hakukuwa na kitu.

"Hakuna cheche," alisema Gakenia. "Bila cheche, petroli haiwaki."

"Si nilisema? Koili!"

"Ngoja, Mzee. Koili haijipi moto wa umeme yenyewe. Tuanze kuuliza moto unakotoka."

Alitoa mfukoni taa ndogo yenye nyaya mbili. Waya mmoja aliubana kwenye chuma cha lori. Mwingine aliugusisha kwenye koili, pale unapoingia waya wa kutoka kwa ufunguo. Taa ikawaka.

"Betri ni nzuri. Ufunguo ni mzuri. Moto unafika. Mama Griffins, shuka, njoo uishike wewe. Mzee ataenda kwa stata."

Obonyo aliguna, lakini alipanda. Dorca aliishika ile taa kwa uangalifu. Hakuna mtu aliyewahi kumwita aje kutazama ndani ya injini ile.

"Sasa gusa upande wa pili wa koili, penye waya mwembamba," alisema Gakenia. "Ndani ya distribyuta kuna vyuma viwili vidogo. Injini ikizunguka, vinagusana na kuachana, vinagusana na kuachana. Kila vikiachana, koili inarusha cheche. Vikifanya kazi, taa yako itawaka na kuzima. Piga, Mzee!"

Injini ikazunguka. Dorca hakupepesa macho.

"Inawaka tu," alisema. "Haizimi."

"Basi vile vyuma havigusani. Kuna kitu katikati yake. Zima ufunguo!"

Gakenia alifungua kifuniko cha distribyuta. Akainama, akanusa. Akanusa tena.

"Mbona hapa kunanuka samaki?"

Dorca naye akanusa. Aliijua harufu ile. Ilikuwa ya kopo lake la mafuta ya mbuta, alilolitafuta jikoni jana jioni hadi akachoka.

"Baba Griffins," alisema polepole. "Umefanya nini?"

Obonyo alitazama viatu vyake. Ujanani alifanya kazi ya mashua kule Port Victoria. Huko walipaka mafuta ya samaki kwenye kila chuma ili unyevu wa ziwa usikile.

"Nilikuwa nimeliosha," alisema. "Nilipofika hapa niliona matone ya maji humo ndani. Nikapaka kidogo, lisipate kutu."

"Na asubuhi yote umenyamaza! Mficha maradhi, kifo humuumbua." Dorca alikuwa amekasirika kwelikweli. Lakini kicheko kilimshinda, na Gakenia naye akacheka.

"Mafuta huzuia kutu, ni kweli," alisema Gakenia. "Lakini pia huzuia moto wa betri kupita. Hapa panatakiwa pawe pasafi na pakavu."

Alifuta vile vyuma kwa kitambaa kikavu, akavipitisha msasa laini, akafuta tena. Akapima nafasi kati yake kwa kipande chembamba cha chuma. Kifuniko nacho alikikausha.

"Pima tena, Mama."

Safari hii taa iliwaka ikazima, ikawaka ikazima. Na ule waya mnene ulipobanwa tena kwa kibanio, ukarusha cheche ya buluu: ta! ta! ta! Gakenia akaurudisha mahali pake. Obonyo akapiga stata. Lori likashika.

Walipakia mbio, wote watatu. Gunia la mwisho liliposhushwa kwenye ghala la kinu, mvua ilipiga mabati kwa kishindo hadi hawakusikiana. Dorca aliingiza mkono ndani ya gunia. Mpunga ulikuwa mkavu. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Siku hizi, kabla ya kuosha lori, Obonyo hufunika distribyuta kwa mfuko wa nailoni. Kopo la mafuta liko jikoni, na Dorca ana taa yake mwenyewe ya kupimia.

Majuzi jirani yao Opondo alipita mbio. Pikapu yake ilikuwa imekataa kuwaka.

"Naenda kununua koili!" alisema.

"Usinunue kitu," Obonyo alimzuia. "Kwanza upime."

"Nani atanipimia?"

Obonyo aligeuka kuelekea nyumbani.

"Mama Griffins!" aliita. "Njoo na taa. Kuna mgonjwa."