Fuvu la Mkaa

Kila asubuhi Nyamizi aliwasha moto jikoni, akapika uji, kisha akambembeleza mdogo wake Maduhu mpaka muda wa shule. Maduhu alilala humo jikoni kwa sababu palikuwa na joto.

Kwenye rafu, kando ya chumvi, palikaa chupa ya zebaki. Baba yao, Masele, alikuwa mchimbaji wa dhahabu kijijini kwao Rwamgasa. Zebaki ilikusanya vumbi la dhahabu likawa bonge, naye alilichoma jikoni, mlango umefungwa, ili majirani wasijue amepata kiasi gani. Zebaki ilipaa kama mvuke, dhahabu ikabaki.

Siku moja Bwana Donatus, afisa wa migodi, alipanga vitu mezani darasani kwa Nyamizi: asidi ya betri, dawa ya kuulia wadudu wa pamba, chumvi, sabuni na kichupa cha zebaki.

"Tengeni vyenye sumu na visivyo na sumu," alisema.

Wanafunzi wakaiweka zebaki pamoja na chumvi.

"Kwa nini hapa?"

"Hainuki, wala haichomi mkono," alijibu mwanafunzi mmoja, Pantaleo. "Nyumbani tunaichezea."

Bwana Donatus aliihamishia upande wa sumu, penye picha ya fuvu. "Mvuke wake hauonekani. Ukiuvuta siku nyingi, mikono hutetemeka. Watoto wadogo huumia zaidi."

Nyamizi alikumbuka chai ya baba inavyomwagika kila asubuhi. Kisha akamkumbuka Maduhu.

Jioni alichora fuvu kwa mkaa kwenye karatasi, akalibandika kwa uji kwenye chupa, akaipeleka kwenye banda la majembe.

"Nani amegusa chupa yangu?" baba aliuliza.

Nyamizi alizoea kunyamaza, lakini safari hii alijibu. "Ni mimi, baba. Shikamoo. Zebaki ni sumu."

"Marahaba. Nimeishika miaka kumi. Mbona sijafa?"

"Nyoosha mikono, baba."

"Nyoosha basi, Baba Nyamizi," mama alisema, Maduhu akiwa mgongoni.

Aliinyoosha. Vidole vilitetemeka. Aliviangalia kimoja kimoja.

Kesho yake baba alimfuata Bwana Donatus. Tangu hapo alichomea mbali na nyumba, ndani ya chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba la kunasa mvuke.

"Nilidhani sumu ni ile inayouma papo hapo," alimwambia Nyamizi. "Kumbe tuitambue kwa inachofanya mwilini, si kwa sura yake. Na ukiijua hatari, sema, hata kama mkosaji ni baba yako."

Akaigeuza ile chupa. "Lakini fuvu lako lina masikio. Chora jingine."