Nati za Upande wa Kushoto

Mwili wa Nashon Ochieng ulikuwa chini ya lori kuukuu lililowahi kuwa la jeshi, kwenye mteremko wa kuingia Ndhiwa. Mawe ya kujengea aliyoyapakia kule Karungu yalitapakaa barabarani. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limechomoka na kuingia kwenye shamba la miwa.

Inspekta Maroa alipiga magoti. Bolti hazikukatika. Nati ndizo zilizotoka, zote.

"Tupeni huyo fundi tumchome!" mtu alifoka kutoka kwenye umati.

Angwenyi, fundi wa lori hilo, alikuwa ndani ya gari la polisi, shati limeraruliwa.

"Afande, sijagusa magurudumu tangu mwezi uliopita."

"Nani huyakaza?"

"Dereva. Kila asubuhi."

Lorine, mke wa marehemu, hakulia.

"Amekuwa na hilo lori siku tatu tu. Kabla ya hapo aliendesha gari dogo, Probox. Kila asubuhi alikaza nati zote robo mzunguko, kwenda kulia. Ndivyo Okari, dereva aliyemtangulia, alivyomfundisha. Ama mnataka kusema mume wangu alikuwa mjinga?"

Maroa aliokota nati moja, akairudisha kwenye bolti. Alipoizungusha kulia, ilitoka. Kushoto, ilishika. Magurudumu ya kushoto ya lori lile hukazwa kinyume, kwenda kushoto. Kwa siku tatu marehemu alikuwa akiyalegeza kwa mkono wake mwenyewe.

Lori likavutwa hadi kituoni. Okari, aliyeliendesha kabla ya Nashon, akaitwa. Alifika amekunja uso.

"Ulimfundisha Nashon?"

"Nilimwonyesha. Kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko mawe aliyobeba."

"Na nati?"

"Mimi ni dereva, si fundi. Nati ni nati."

Maroa alimtupia spana. "Gurudumu la nyuma, kushoto. Kaza."

"Unanipima mimi? Nimeendesha hiki chuma miaka kumi na moja, wewe ukiwa bado unasafisha buti za mabwana wako!"

Okari aliikamata nati kwa spana, akavuta kwa hasira. Mkono ulikwenda kushoto.

"Nashon ulimwambia kulia," Maroa alisema.

Spana ilisimama.

"Dorah, mwenye lori, alisema macho yangu yamechoka," Okari alisema. "Akampa mtu wa Probox. Mtu asiyejua hata kuliwasha likiwa baridi! Nilitaka gurudumu litoke uani, watu wamcheke, Dorah aniite tena."

"Halikutoka uani."

"Hapana."

"Leo asubuhi ulimwona akiondoka?"

"Nilimwona."

"Ulimwambia nini?"

Okari aliitazama mikono yake.

"Nilimwuliza kama amekaza. Akasema, 'Ndiyo, mwalimu.'"