Kaseti ya Nungunungu Toki

Kila asubuhi ya likizo ya Juni, kazi ya kwanza ya Levina ilikuwa kuanika mpunga. Alikunjua turubai uani, akamwaga mpunga wa magunia mawili, akausambaza kwa miguu, kisha akakaa kivulini na fimbo ndefu kuwafukuza kuku. Nyumba zote za mtaa wao pale Ifakara zilikuwa na turubai la namna hiyo, na kila turubai lilikuwa na mtoto wake na fimbo yake.

Likizo hiyo kazi haikumchosha, kwa sababu Shangazi Evelina alikuwa nyumbani. Alikuwa ameshuka kwa treni ya TAZARA akitokea Zambia, alikoolewa. Alikuja kuliona kaburi la mama yake, yaani bibi yake Levina, aliyefariki wakati wa masika. Mvua za siku zile zilimzuia kuwahi mazishi.

Baba yake Levina, Raimundi, alikuwa fundi seremala. Tangu zamani hakuwa mtu wa maneno mengi, na baada ya msiba alipunguza hata yale machache. Alikula, akashukuru, akarudi kwenye randa yake chini ya banda. Shangazi alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni, kisha anatikisa kichwa.

Siku moja shangazi alimwita Levina chumbani, akafungua sanduku lake. Alitoa kaseti ya video iliyokuwa imezungushiwa kitenge.

"Unaiona hii?" alisema kwa sauti ya chini. "Humu ndani yumo Toki."

"Toki ni nani, shangazi?"

"Ni katuni. Babu yako alipokuwa akifanya kazi reli, tuliishi Kapiri Mposhi, kulekule Zambia. Jirani yetu alikuwa na televisheni. Kila Jumamosi jioni mimi na baba yako tulikuwa wa kwanza kukaa sakafuni kwake. Toki ni nungunungu, fundi cherehani. Akitaka sindano, anachomoa mwiba mgongoni kwake, anashona!"

Levina alicheka. "Na baba naye alipenda?"

"Baba yako? Alichomeka njiti za kiberiti kwenye sweta, akatembea nazo mtaa mzima."

Levina alichungulia dirishani. Baba alikuwa ameinama juu ya ubao, uso umekunjamana. Hakuweza kumwona yule mtoto wa njiti hata kidogo.

"Rafiki yangu wa Lusaka aliirekodi walipoionesha tena," shangazi aliendelea. "Nimeitafuta sana. Baba yako hajui kama ninayo. Jumapili baada ya misa tutakwenda kuiangalia kwa Mzee Ngusa. Ninataka niwe nimekaa karibu naye Toki atakapotokea. Wewe nitunzie kabatini mwako. Isikae juani, na isiingizwe kwenye deki yoyote kabla ya siku hiyo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, shangazi."

Mzee Ngusa alikuwa jirani yao, Msukuma mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Katika mtaa ule, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na televisheni na deki nyumbani.

Alhamisi wakubwa wote walikwenda shambani upande wa Kivukoni. Levina alibaki na mpunga. Haukupita muda, rafiki yake Dorika akafika, akakaa kwenye ukingo wa turubai. Levina alijitahidi kunyamaza, lakini siri ilimwasha ulimini. Akamwambia habari za nungunungu anayeshona kwa miiba yake.

"Muongo," alisema Dorika.

"Kweli kabisa! Kaseti iko kabatini."

"Basi twende kwa kaka yangu Beno. Ana deki pale kibandani anapoonesha video. Saa hizi hakuna watu. Tuangalie mwanzo tu, kisha tuirudishe nyuma. Nani atajua?"

Levina alikataa. Dorika akacheka, akasema alijua tu kwamba hakuna kaseti. Maneno hayo yalimuuma. Alikusanya mpunga haraka haraka, akaufunika, akaingia ndani kuichukua kaseti.

Beno aliisukuma kaseti kwenye deki bila hata kupangusa vumbi. Kioo kikawaka. Ngoma ndogo zikalia, na nungunungu mwenye koti akafungua mlango wa duka lake. Levina na Dorika wakapiga makofi. Walisema wangeangalia mwanzo tu, lakini mwanzo ulikuwa mtamu, wakaendelea. Ghafla picha ikatetemeka, ikajaa mistari, sauti ikawa nzito kama ya mtu anayezama. Ndani ya deki kukasikika mkwaruzo.

"Imekula mkanda!" alisema Beno. Alibonyeza vitufe, kaseti haikutoka. Akaingiza vidole, akavuta. Kaseti ikaja, na nyuma yake mkanda mweusi uliokunjika kama utumbo wa kuku. Akavuta tena, ukakatika.

Levina alianza kulia.

"Usilie bwana," alisema Beno, akiurudisha mkanda ndani kwa kidole. "Huoni, kwa nje ni nzima. Jumapili wataiweka kwenye deki ya yule mzee, itakwama, watajua deki yake ndiyo imekula. Wewe hutatajwa."

Levina aliirudisha kaseti kabatini, akaifunika kwa sare zake za shule. Jioni shangazi alipomuuliza kama mtoto wao Toki hajambo, alijibu kwamba hajambo. Ijumaa alikwepa kukaa chumba kimoja na shangazi. Alichota maji hata yasiyohitajika.

Jumamosi mama alimtuma kwa Mzee Ngusa kuchukua pumba za kuku. Alimkuta mzee amekaa barazani, deki yake imefunguliwa mfuniko, na mkononi ana kitambaa kilicholowa spiriti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu uone!" Mzee alitabasamu. "Shangazi yako kanieleza kwamba kaseti yenu ni ya thamani. Nimeona niisafishe hii mashine kila mahali, isije ikanitia aibu. Hebu angalia, kuna vumbi tena?"

Levina aliangalia ndani. Kila kitu kiling'aa. Alichukua pumba, akaziacha mlangoni kwao, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, shangazi alikokuwa akiosha vyombo.

"Shangazi, kaseti imekatika," alisema, kisha machozi yakamtoka. "Niliipeleka kibandani kwa kaka yake Dorika. Deki ilikula mkanda, tukauvuta. Niliificha. Nilitaka mseme ni deki ya Mzee Ngusa."

Shangazi aliacha sufuria. Alikausha mikono taratibu kwenye kitenge, akaomba aletewe kaseti. Alipofungua kifuniko chake na kuona mkanda uliokunjika, alifumba macho.

"Kwa nini umeniambia leo?" aliuliza alipoyafumbua.

"Kwa sababu Mzee Ngusa anasafisha deki yake. Amekaa anasafisha, na hana kosa."

Shangazi alisimama. "Vaa viatu. Twende kwa Fulgensi kabla hajafunga."

Fulgensi alikuwa fundi wa redio karibu na soko. Aliigeuza kaseti kwenye mwanga, akauliza, "Tangu ikatike, imeingizwa kwenye deki nyingine?"

"Hapana," alisema Levina.

"Mna bahati. Huu mkanda uliolegea ungejizungusha kwenye kichwa cha deki, ukavuta na uliobaki. Mngepoteza kaseti, na deki nayo ingekwama."

Alifungua skrubu, akakata sehemu yote iliyokunjamana, akaunganisha ncha mbili kwa utepe mwembamba wa gundi. Kipande kibovu kilitosha kuizunguka meza yake. "Hiki siwezi kukirudisha," alisema. "Mkifika katikati mtaona picha inaruka."

Walipotoka, Levina aliomba wapitie kwa Mzee Ngusa. Alimweleza mzee yote, macho yakiwa chini. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Ningeipeleka deki kwa fundi," alisema polepole. "Fundi angeniambia haina kosa, nami ningebaki najiuliza, basi nimefanya nini mimi? Umefanya vizuri kunieleza. Lakini mjukuu wangu, lile wazo lilikuwa baya."

"Ndiyo, babu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Kesho njoo na mkeka, viti havitatosha."

Jumapili sebule ya Mzee Ngusa ilijaa watoto wa mtaa, Dorika akiwa kwenye kona. Baba alikaa kwenye kiti, mikono ameikunja kifuani, akidhani ameletwa kuangalia kwaya. Shangazi alikaa karibu naye. Zile ngoma ndogo zikaanza.

Baba alikunjua mikono. Mlango wa duka ukafunguka.

"Toki!" alisema, kama mtu anayemwita rafiki yake ng'ambo ya barabara. Kisha akamgeukia dada yake. "Eve! Koti lake kumbe ni la kijani?"

"Mimi miaka yote najua ni la bluu!"

"Mimi nilijua ni jekundu!"

Walicheka, maana televisheni ya jirani yao kule Kapiri Mposhi ilikuwa ya picha nyeusi na nyeupe, na kila mmoja alikuwa amelipaka koti rangi yake mwenyewe akilini.

"Na duka lake mbona dogo hivi?" baba aliuliza. "Lilikuwa kubwa kama stesheni."

"Duka ni lilelile, kaka. Sisi ndio tulikuwa wadogo."

Kwenye kioo, baridi iliingia msituni. Wanyama walipanga foleni, na Toki akachomoa mwiba baada ya mwiba, akashonea kila mmoja nguo, hadi mgongo wake ukabaki mtupu. Wa mwisho alikuwa twiga mdogo, shingo inatetemeka. Toki alijipapasa mgongoni, hakukuta kitu. Hapo picha ikaruka. Mara twiga amevaa skafu ndefu, na wanyama wote wanacheza.

"Aaa! Imekuwaje?" watoto walipiga kelele. "Sindano kaipata wapi?"

Levina alisimama. "Kipande hicho nilikiharibu mimi, baba. Niliiangalia kaseti bila ruhusa, ikakatika. Shangazi alikuwa amekuletea wewe."

Mzee Ngusa alisimamisha mkanda. Baba alimtazama binti yake, akamtazama dada yake, kisha akainuka. Levina alidhani anaondoka. Badala yake, baba alivua viatu, akasimama mbele ya televisheni.

"Hapo," alisema, "Toki alikaa chini akalia. Hivi." Akajikunyata sakafuni, akatoa sauti nyembamba ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia kwake. "Akasema, twiga mwanangu, sindano zimekwisha! Mara akasikia kishindo." Akainuka, akatembea kama tembo, mkono mmoja ukiwa mkonga. "Tembo alikuwa anachomwa na kitu kwenye koti lake. Toki alikuwa amesahau mwiba humo! Tembo akaurudisha. Sungura naye akaja." Akaruka. "Wote miiba ilikuwa imebaki kwenye nguo zao, wakairudisha mmoja mmoja, wakiimba..."

Alisita. Shangazi akasimama na kuanza wimbo, baba naye akadakia:

"Sindano moja, uzi mmoja, nani ana baridi aje!"

Waliimba wakizunguka, fundi seremala na dada yake, hadi baba akashindwa kwa kicheko, akaketi sakafuni akifuta machozi. Mama alikuwa mlangoni. Naye alijifuta macho kwa khanga, kwa maana tangu masika hakuwa amemsikia mumewe akicheka.

Mkanda ulipokuwa ukirudishwa nyuma, shangazi alimvuta Levina karibu.

"Sikufurahi ulivyoichukua," alisema. "Kile kipande hakitarudi, na hilo ulikumbuke. Lakini ungenyamaza hadi leo, tungepoteza kaseti nzima na deki, na tungemlaumu mzee asiye na kosa. Uliposema, ulituachia kitu cha kutengeneza. Siku nyingine ukikosea, usingoje Jumamosi. Sema siku hiyohiyo."

"Nitasema, shangazi."

Ngoma ndogo zililia tena, na safari hii watoto walijua koti ni la kijani. Toki alichomoa miiba yake, foleni ikaisha, twiga akafika. Mzee Ngusa alibonyeza kitufe kabla picha haijaruka.

"Haya, Baba Levina," alisema. "Zamu yako."

Baba alikuwa ameshasimama.